Nusu ya Pili ya Hamri

Aqsa alikuwa na hamri mdomoni alipokumbuka kwamba hakutakiwa kula.

Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa pale mtaani Umoja. Mafuta yalikuwa yakitokota jikoni, na mamake, Mwanasiti, alikuwa amempa mgongo, akigeuza mahamri karaini. Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo: mama hukaanga, mtoto huyapanga mahamri ndani ya ndoo iliyotandikwa kitambaa, na yale yasiyofura, yaliyobaki bapa kama soli ya kiatu, hayauzwi. Hayo ni ya Aqsa. Mkono wake ulikuwa umeizoea haki hiyo hata hauhitaji kumwuliza mwenyewe. Ulilichukua hamri bapa, ukalitia mdomoni, naye akatafuna na usingizi ungali machoni.

Kisha akakumbuka. Leo ni siku ya hospitali. Leo hakuliwi kitu.

Alisimama pale, nusu ya hamri imekwisha kwenda tumboni, nusu iko mkononi. Akautazama mgongo wa mamake. Haukugeuka. Angeweza kuirudisha ile nusu ndooni, lakini hamri lenye alama za meno lingeonekana mara moja, na lingeulizwa. Angeweza kulitupa, lakini pipa lilikuwa miguuni pa mama. Basi akaisukuma yote mdomoni, akaimeza vipande vikubwa vikubwa, akafuta midomo kwa mkono wa nguo.

“Aqsa, yamebaki mangapi bapa?” mama akauliza bila kugeuka.

“Hakuna, mama. Yote yamefura.”

“Mashallah. Siku njema hiyo.”

Aqsa alikuwa na umri wa miaka saba, na mafindofindo yaliyovimba hata yakakaribia kugusana kooni. Usiku alikoroma kama mzee. Mkoromo haukumtisha mamake. Kilichomtisha ni pale ulipokatika ghafla, chumba kikawa kimya, kifua cha mtoto kikawa kinajitahidi na hewa haiingii. Mwanasiti humtikisa hapo mpaka pumzi irudi kwa kishindo. Madaktari walipima, wakasema mafindofindo yatolewe.

Kwenye kliniki walimweleza Mwanasiti jambo moja kwa msisitizo: mtoto asile kitu tangu usiku. Walimweleza na sababu. Mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi akiwa na chakula tumboni, chakula kile kinaweza kupanda, kikaingia mapafuni, na mtu akafa kwenye meza ya upasuaji. Mwanasiti alielewa vizuri sana. Alielewa hata akakosa usingizi siku kadhaa. Lakini hayo hakuyaona kuwa maneno ya kumwambia mtoto. Akaiondoa sababu, akabakisha amri, na amri yenyewe akaivika nguo ambayo Aqsa anaijua.

“Utafunga tu, mwanangu. Kama Ramadhani.”

Aqsa alichangamka. Kufunga aliweza. Mwaka huu ndio kwanza alifunga siku nzima nzima, baba yake, Jumbe, akampigia simu kutoka Mombasa kumpongeza kama mtu mzima.

Kosa lilikuwa hapo. Saumu ina sheria zake, na Aqsa alikuwa anazijua. Ustadhi wa madrasa aliwafundisha kwamba mtu akila kwa kusahau, saumu yake haikuharibika. Aendelee nayo. Ni Mungu aliyemlisha. Hakuna sheria watoto waliyoipenda kuliko hiyo, na mwezi ule walisahau sana.

Kwa hesabu hiyo nusu ya kwanza ya hamri haikuwa na neno. Aliila kwa kusahau. Nusu ya pili aliila huku anakumbuka.

*

Ndoo ya mahamri ilipelekwa kwa jirani, Mama Awiti, aliyekubali kuyauza getini siku hiyo. Awiti mwenyewe alikuwa mlangoni na sare ya shule, anafunga kamba za viatu.

“Niaje, Aqsa. Si leo ndo wanakukata shingo?”

“Hawakati shingo. Nitalala tu.”

“Ati kulala! Nani amekudanganya? Cuzo yangu alifanyiwa hiyo maneno. Wanakuwekea kitu kwa uso, unakufa kidogo. Wakimaliza, wanakurudisha.” Awiti akakaza fundo, akafikiri. “Kama hawajasahau.”

“Awiti! Koma kutisha mtoto wa wenyewe!” Mama Awiti alifoka kutoka ndani.

“Si namwambia tu ukweli, mathe.”

Mwanasiti alicheka, akamshika Aqsa mkono, wakaondoka. Hakuhisi kwamba mkono ule ulikuwa umelowa jasho.

*

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda vya chuma na ukuta uliochorwa twiga mwenye kope ndefu. Aqsa alivishwa kanzu ya kijani iliyofungwa kwa nyuma. Muuguzi akaja, akamtazama Mwanasiti.

“Amekula chochote?”

“Hajala tangu jana usiku.”

“Hata maziwa?”

“Hata maziwa. Amefunga kama mwezi mtukufu.”

Muuguzi akatabasamu, akaenda zake. Aqsa alikuwa pale kitandani, baina yao. Hakuna aliyemwuliza yeye.

Angesema wakati ule. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akimnyamazisha mjukuu wake. “Lia! Lia tu! Sasa hivi daktari anakuja na ile sindano kubwa, ile ya watoto watundu.” Mtoto akajiziba mdomo kwa viganja vyake mwenyewe.

Aqsa aliijua sindano hiyo. Hata kwao ilikuwa ndiyo askari wa nyumba. Akidokoa sukari, akikataa kulala, akimjibu mama vibaya, huambiwa atapelekwa akadungwe. Hakuwahi kupelekwa. Sasa ameletwa. Sindano zilikuwa pale, kwenye trei, chini ya kitambaa, hatua chache kutoka alipoketi, na yeye alikuwa na kosa tumboni.

Halafu wakaja kumchukua yule mjukuu. “Twende tukaone gari kubwa,” bibi alimwambia. Mtoto akapanda kitanda cha magurudumu kwa hiari yake, anatazama huku na huku. Milango miwili mwishoni mwa ukumbi ikafunguka, ikamfunika. Kimya kidogo. Kisha kikapita kilio ambacho Aqsa hakuwahi kukisikia kwa mtoto yeyote wa Umoja, hata aliyevunjika mkono.

“Mlisema gari! Mlisema ga—”

Kikakatika. Kilikatika kama redio iliyozimwa. Bibi alikaa akajifunika uso kwa leso.

Amekufa kidogo, Aqsa aliwaza. Akahisi lile hamri limekaa tumboni kama jiwe, lina uzito wake na umbo lake. Akaanza kupanga mambo kichwani, kwa namna watoto wanavyopanga, bila kuruka hatua. Wanakuua kidogo. Kisha Mungu anawaruhusu wakurudishe. Lakini mtu aliyekula nusu ya pili huku anakumbuka, akamdanganya mamake juu yake, Mungu ana sababu gani ya kumrudisha?

Meno yakaanza kugongana.

“Unasikia baridi, mwanangu?”

“Eeh.”

Mwanasiti akamfunika leso yake. “Usiogope. Haitauma hata kidogo. Unalala, unaamka, tunakwenda nyumbani.”

*

Daktari wa usingizi alikuwa mwanamke mrefu aliyeitwa Nafula. Alikuja na mfuko wa kitambaa, akavuta kigoda, akaketi mpaka macho yake yakawa chini kidogo ya macho ya mtoto. Hakusema usiogope.

“Wewe ndiye Aqsa?”

“Ndiye, daktari,” akajibu Mwanasiti.

“Mama, mwachie mwenyewe ajibu. Wewe ndiye Aqsa?”

“Ndiyo.”

“Mimi ni Daktari Nafula. Nitakulaza na nitakuamsha. Leo umekula kitu?”

Aqsa akatikisa kichwa. Kilitikisika chenyewe, kabla hajakiamuru.

“Vizuri. Umeambiwa leo kutafanyika nini?”

“Nitalala. Nikiamka tunaenda nyumbani.” Akamtazama mamake. “Na haitauma.”

“Hilo la mwisho si kweli.”

Mwanasiti akashtuka. “Daktari!”

“Ukiwa umelala hutasikia kitu,” Daktari Nafula aliendelea, sauti ileile, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. “Ukiamka koo litauma. Litauma kuliko siku yoyote lililowahi kukuuma. Tutakupa dawa, maumivu yatapungua, lakini hayataisha leo wala kesho. Kisha yataisha.”

“Daktari, si unamtisha mtoto?”

“Ameshatishika, mama. Tazama vidole vyake.”

Mwanasiti akatazama. Vidole vya Aqsa vilikuwa vimeshika ukingo wa godoro mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Aqsa naye alikuwa akimtazama daktari. Hofu haikupungua. Iliongezeka, kwa kuwa sasa alikuwa na maumivu ya kungoja juu ya yale mengine. Lakini tangu alfajiri huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia jambo baya bila kucheka wala kufoka.

Ndani ya mfuko mlikuwa na doli mwenye nywele za uzi zilizochakaa, kibarakoa cha plastiki laini, bomba, na puto la kijani.

“Hiki ndicho Awiti amekwambia wanakuwekea usoni?” akauliza Mwanasiti, anajaribu kuchangamka.

“Awiti ni nani?” akauliza daktari.

“Jirani yetu,” Aqsa akasema kwa sauti ndogo. “Amesema unakufa kidogo.”

“Awiti ni daktari?”

“Yuko gredi ya sita.”

“Basi bado.” Daktari akampa kibarakoa. “Mvishe doli. Mdomo na pua, pasibaki nafasi. Hapo. Sasa jaribu mwenyewe, upulize, utaona puto linajaa. Humu sasa hamna dawa, ni hewa tu. Kule ndani kutakuwa na dawa, na itanuka kama rangi ya kucha. Hutaipenda. Chumba kina baridi, taa ni ya mviringo, kubwa kama sinia, na watu wote wamejifunika nyuso. Mimi nitakuwa nimejifunika pia, lakini sauti yangu ni hii.”

Aqsa akapuliza. Puto likajaa, likanywea. Akapuliza tena. Akamrudishia daktari kibarakoa, akabaki na doli.

“Doli wako ana swali?” akauliza daktari.

Aqsa akamsogeza doli sikioni mwake, akamsikiliza.

“Anauliza nani atamwamsha.”

“Mimi.”

“Ukisahau?”

“Tangu unapolala mpaka unapofungua macho, mimi siondoki. Sipigi simu, siendi kunywa chai. Nimeketi karibu na kichwa chako. Kuna mashine inalia kila moyo wako unapopiga, na sauti yake ikibadilika kidogo tu, nimeshasimama. Kazi yangu yote ndiyo hiyo. Kutosahau.”

Magurudumu yalisikika ukumbini. Mhudumu alikuwa anasukuma kitanda kitupu kuelekea kwao. Mwanasiti akasimama, akaanza kusoma dua chini ya pumzi.

“Ana swali jingine?” akauliza Daktari Nafula.

Aqsa alikitazama kitanda kinavyokuja. Kilikuwa na gurudumu moja bovu linalolia. Akamgeuza doli, akamkalisha magotini, mgongo kwa mama.

“Anauliza,” akasema, “mtu akila kwa kusahau. Saumu yake si inabaki?”

Mwanasiti akacheka, kicheko cha mtu aliyepata pumziko. “Inabaki, mwanangu, inabaki! Daktari, huyu ustadhi wao anawafunza hasa, hata hapa...” Kisha akanyamaza, kwa sababu daktari hakuwa anacheka.

Daktari Nafula alikuwa ameweka kibarakoa chini.

“Doli alikula nini?”

“Hamri.”

“Lini?”

“Leo. Mama akikaanga.”

“Alikula lote?”

Aqsa alitaka kusema alisahau. Lilikuwa jibu zuri, lenye sheria nyuma yake. Lakini mtu huyu alimwambia koo litauma.

“Nusu alisahau.”

“Na nusu nyingine?”

Mkojo wa moto ulishuka ukalowesha ile kanzu ya kijani. “Alikumbuka.”

Daktari akainua mkono kumzuia mhudumu bila hata kugeuka. “Rudisha kitanda. Mchukue anayefuata. Huyu haendi sasa.”

“Ya Rabi,” Mwanasiti alisema. Akasema tena. Kisha, “We Aqsa! We mtoto!” na kiganja chake kikapanda juu.

“Mama,” daktari akasema. “Ukimpiga, hatatuambia tena kitu. Wala mimi wala wewe.”

Kiganja kikabaki hewani, kikashuka mdomoni mwa mwenyewe. Akilini alikuwa anaiona milango miwili ile ikifungwa nyuma ya mwanawe, yeye amebaki nje na dua zake, na hamri alilolikanda kwa mikono yake mwenyewe likipanda polepole kooni mwa mtoto aliyelala. Akaketi sakafuni.

“Nilimwambia afunge kama Ramadhani,” akasema. “Nilitaka asiogope.”

“Ulimpa sheria yenye msamaha, mama. Yetu haina.”

Kisha daktari akamgeukia Aqsa, akamweleza yote, kama alivyoelezwa mamake kule kliniki, bila kupunguza. “Ukiwa macho, chakula kikipanda, koo linajua kufunga njia ya pumzi. Ukilala kwa dawa yangu, koo nalo linalala. Hakuna wa kulizuia hamri. Linaingia mapafuni, unakosa hewa, na mimi napata kazi ngumu sana, ambayo nyakati nyingine daktari hushindwa.”

“Kwa hiyo nimefanya dhambi?”

“Habari za dhambi muulize ustadhi. Mimi nauliza habari za tumbo. Tumbo halijui kama ulisahau au ulikumbuka.” Akasimama. “Umeniambia kabla ya kulala. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa. Utakuwa wa mwisho leo, jioni, hamri likishateremka. Usile tena, usinywe mpaka nikwambie. Na sasa unajua kwa nini.”

*

Walingoja. Aqsa akabadilishwa kanzu. Vitanda vilikwenda na kurudi, na waliorudi walilia, na kila aliyelia Aqsa alimhesabu kuwa hai.

“Mbona hukuniambia?” Mwanasiti aliuliza baada ya muda mrefu.

“Ningedungwa.”

“Sindano si ya makosa, Aqsa.”

“Lakini ulisema.”

“Nilisema.” Akaukunja upindo wa leso, akaukunjua. “Nilisema uongo, nikaona unafaa.”

“Wewe unaogopa, mama?”

Neno la hapana lilikuwa tayari, limezoea njia. Mwanasiti akalirudisha. “Naogopa. Naogopa mlango ule ukifungwa nami niko upande huu.”

Jambo hilo Aqsa hakuwa analijua, kwamba mlangoni pale kuna watu wawili wanaoogopa, kila mmoja upande wake. Akalifikiria mpaka gurudumu bovu likaanza kulia tena ukumbini.

Safari hii lilimjia yeye. Alipanda. Alitetemeka mpaka chuma cha kitanda kikawa kinagonga. Milango ikafunguka, na ndani kulikuwa na baridi, kama alivyoambiwa. Taa ilikuwa ya mviringo, kubwa kama sinia. Nyuso zote zilikuwa zimefunikwa, na moyo ukamruka, kwa kuwa hakumjua hata mmoja. Akataka kupiga kelele kama yule mtoto wa gari, ila hakupata la kupigia kelele. Hakuna kilichokuwapo pale ambacho hakuambiwa.

“Mimi hapa, Aqsa,” ikasema sauti nyuma ya kichwa chake. “Umekula?”

“Lile tu la asubuhi. Nusu zote mbili.”

“Unaogopa?”

“Naogopa.”

“Sawa. Puliza puto.”

Ilinuka rangi ya kucha. Hakuipenda. Alishika kidole cha daktari kwa nguvu zake zote, akapuliza, akapuliza, akasikia mashine inahesabu moyo wake, tii, tii, tii, na kidole kikaanza kwenda mbali naye.

*

Kilichomrudisha kwanza ni maumivu. Koo lilikuwa kama mtu amelikwangua kwa mbuzi ya kukunia nazi. Alifungua macho, taa si ile tena, na machozi yakatoka yenyewe pembeni.

Daktari Nafula alikuwa ameketi karibu na kichwa chake, barakoa imeshushwa kidevuni. “Umeamka,” alisema, akaandika kitu, akaondoka.

Mama alikuwa upande wa pili. Macho yalikuwa yamemvimba. Aliinama mpaka mashavu yao yakagusana, akanong’ona, “Inauma?”

Aqsa akaitikia kwa kichwa.

“Itapo...” Mwanasiti alianza, kwa ile sauti ya kila siku. Akaiacha hapo. Akamfuta mtoto machozi kwa ncha ya leso, kwanza jicho hili, kisha lile.

“Itauma na kesho pia,” akasema.

Aqsa akafumba macho. Usiku ule hakukoroma, na mamake alikesha akiusikiliza ukimya, akiweka kiganja juu ya kifua cha mtoto kila mara kuhakikisha kwamba kinapanda.